Barua zinazotoka kwenye kompyuta isiyo na jina: tathmini ya Exim, Postfix na msmtp kutoka Buruburu

Kompyuta yangu ya nyumbani inaitwa sufuria. Siku nilipoisakinishia mfumo endeshi wa Debian 12 ilikuwa juu ya kabati la jikoni, kwa sababu hapo ndipo palipokuwa na soketi iliyo wazi, na mfumo uliponiuliza jina la mashine niliandika kitu cha kwanza kilichokuwa mbele ya macho yangu. Sikuwaza kwamba jina hilo lingewahi kuvuka mlango wa nyumba yetu ya Buruburu. Halijasajiliwa popote, na mtu aliyeko Kisumu au Mombasa akilitafuta kwenye intaneti hatapata jibu. Shida ilianza pale nilipotaka mashine hiyo iandike barua pepe na kuzituma yenyewe.

Kazi yenyewe si kubwa. Mimi ni katibu wa chama chenye wanachama 23, na kila mwisho wa mwezi kuna skripti ndogo inayosoma daftari la michango na kumwandalia kila mwanachama taarifa yake: alichochanga, mkopo anaodaiwa na faini za kuchelewa. Kando ya hiyo kuna kazi ya usiku inayotengeneza nakala rudufu za picha na hati za familia, ambayo nataka inijulishe inaposhindwa. Kwa miaka miwili nilizituma taarifa za chama kwa mkono, moja baada ya nyingine, hadi jioni nzima ikaisha na chai ikapoa. Tathmini hii inahusu programu tatu nilizozijaribu ili kazi hiyo niiachie mashine: Exim, Postfix na msmtp. Zote ni za bure, zote zimo katika hazina ya Debian, na zote zinafanya kazi zilivyoahidi. Hata hivyo hazikunifaa kwa kiasi kimoja, na kilichozitenganisha mwishowe hakikuwa wingi wa uwezo wake bali namna kila moja inavyojibeba stima inapopotea mtaani saa tatu usiku.

Kabla ya programu zenyewe sina budi kueleza kwa nini kompyuta ya namna hii haipeleki tu barua moja kwa moja kwenye seva ya mpokeaji, maana nilipoteza wikendi mbili nikiamini kwamba inawezekana. Seva mbili za barua zinapokutana, ile inayotuma hujitambulisha kwanza kwa jina lake. Ikisema kwamba yenyewe ni "localhost", au "sufuria", seva nyingi huikataa papo hapo kwa kosa namba 504, kwa kuwa hilo si jina kamili. Ukiliongezea jina hilo mkia wa kubuni ili lionekane kamili, unakwama hatua ya pili, ambapo mpokeaji huangalia kama kikoa kilichomo katika anwani ya mtumaji, yaani jina linalofuata alama ya @, kipo kweli. Ukivuka hapo, inafuata zamu ya anwani yako ya IP, ile namba inayoitambulisha mashine kwenye intaneti: je, ikitafutwa kinyumenyume inarudisha jina? Je, haimo katika orodha ya anwani za majumbani, kama ile ya PBL inayotunzwa na Spamhaus, ambayo kazi yake hasa ni kuwaambia wenye seva kwamba anwani fulani hazitarajiwi kuwabishia hodi moja kwa moja?

Watu wengi hunishauri ninunue kikoa. Ni ushauri mwema, lakini unatibu kidonda kimoja kati ya vitatu. Majina ya .ke yanasimamiwa na KeNIC, na kupata la .co.ke au .me.ke kupitia kwa wakala si kazi ngumu. Ila jina linalopatikana kwa kuitafuta anwani ya IP kinyumenyume haliwekwi na mwenye kikoa, linawekwa na aliyekupa anwani, yaani kampuni ya intaneti. Na nyumbani kwangu hata hiyo anwani si yangu. Nilipofungua ukurasa wa ruta niliona kwamba anwani ya upande wa nje inaanza na 100.72, na fungu lote la kuanzia 100.64 hadi 100.127 lilitengwa mwaka 2012 kwa matumizi ya kampuni za intaneti zinazowaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma. Kwa hiyo jirani nisiyemjua akiingiwa na kirusi kinachomwaga barua taka usiku kucha, sifa inayochafuka ni yake na yangu pia.

Kisha kuna poti 25, ambayo ndiyo njia ya seva kupelekeana barua. Nilipojaribu kuifikia kwenye seva ya nje, kishale kilipepesa kwa zaidi ya dakika mbili na muunganisho ukafa bila neno. Nilipiga simu kwa huduma ya wateja. Kijana aliyepokea alinisikiliza kwa adabu, akaniomba nisubiri, akarudi na jibu fupi: "Hiyo poti imefungwa kwa wateja wote wa nyumbani, boss. Labda uchukue kifurushi cha ofisi." Sikumlaumu, kwa kuwa kampuni nyingi za intaneti duniani hufunga poti hiyo kwa wateja wa majumbani, na bila hivyo vikasha vyetu vingejaa uchafu kuliko vilivyo sasa. Lakini kifurushi cha ofisi kingemeza faini za chama kizima na bado kingedai zaidi.

Basi kompyuta isiyo na jina hukabidhi barua zake kwa mwenye jina. Mtu wa Buruburu anayetaka kumpelekea nyanya yake kifurushi Busia hatembei nacho hadi huko. Hukipeleka mjini kwenye ofisi ya basi, huonyesha kitambulisho, na basi hukibeba kwa dhamana ya kampuni yake. Katika barua pepe ofisi hiyo ni seva ya mtoa huduma ambaye tayari una akaunti kwake, mlango wake ni poti 587 au 465 badala ya 25, na kitambulisho ni jina la akaunti pamoja na nywila. Mimi nilitumia akaunti ya Gmail ya chama. Tangu Mei 2022 Google haikubali tena programu zinazoingia kwa nywila ya kawaida ya akaunti binafsi, kwa hiyo ni lazima kwanza uwashe uthibitisho wa hatua mbili, kisha uombe nywila maalumu ya programu, yenye herufi 16. Faida ya mpango huu ni kubwa kuliko inavyoonekana. Barua inaondoka ikiwa na sahihi ya Google na kutoka kwenye seva zinazotambuliwa kuwa za Google, na hayo ni mambo ambayo Google na Yahoo wenyewe wameyakazia kwa watumaji tangu Februari 2024. Sufuria haihitaji tena kujulikana na mtu yeyote isipokuwa seva moja.

Programu zote tatu zinaweza kufanya kazi hiyo ya kukabidhi. Nilianza na Exim kwa sababu ndiyo Debian huichukua yenyewe pale programu nyingine inaposema inahitaji seva ya barua. Iliandikwa na Philip Hazel katika Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 1995, na kwa haki yake niseme kwamba maswali inayouliza wakati wa usanidi ndiyo mazuri kuliko ya wenzake. Kuna chaguo linalosema wazi kwamba barua zote zitoke kupitia seva nyingine na zisipokelewe hapa, na kuna swali linalouliza kama ungependa jina la mashine lifichwe katika barua zinazotoka, yaani jambo lile lile linalomsumbua mtu wa hali yangu. Nywila inakaa katika faili yake peke yake. Ndani ya nusu saa barua ya kwanza ilikuwa imefika.

Kilichonishinda ni siku ya kwanza ambapo kitu kilikataa. Debian imeupanga usanidi wa Exim kwa namna ambayo unaweza kuwa faili moja kubwa au vipande vingi vidogo, kulingana na jibu ulilotoa mwanzoni, na vyote viwili si faili ambayo programu inaisoma. Hiyo inatengenezwa upya kutokana navyo kila unapotoa amri ya kusasisha. Nilihariri mahali pasipostahili mara mbili, nikaona mabadiliko yangu yamefutika, nikaelewa kwamba chombo hiki kimetengenezwa kwa ajili ya watu wanaokiangalia kila siku. Mimi hukiangalia mara moja kwa mwezi. Nikaiondoa.

Postfix ilitolewa na Wietse Venema mwaka 1998 alipokuwa akifanya kazi IBM, na mpangilio wake ni kinyume: usanidi karibu wote uko katika faili moja, main.cf, jina upande wa kushoto, thamani upande wa kulia. Lakini maswali yake ya mwanzo yana mtego ambao ningependa kila mtu anayesakinisha usiku akiwa amechoka auone kabla ya kuuingia. Baada ya kuchagua aina ya "Internet with smarthost", yaani ya kutuma kupitia seva nyingine, unaulizwa jina la barua la mfumo. Nami nikawaza hivi: sina kikoa, anwani ninayotumia inaishia na gmail.com, basi jina la barua ni gmail.com. Nikaandika hivyo nikabonyeza kitufe.

Jumatatu asubuhi mwekahazina wetu, mama aliyestaafu ualimu na ambaye bado sote tunamwita Mwalimu, alinipigia simu kabla ya saa moja. "Katibu, hiyo taarifa yako sijaiona, na siyo mimi peke yangu." Nilimwambia, "Mwalimu, imetumwa, labda iko kwenye barua taka." Akaniambia ameshaangalia huko, na kwamba waliopata taarifa ni wale wawili tu wanaotumia anwani za kazini. Hapo ndipo nilipofungua kumbukumbu za programu na kuona kwamba Postfix ilikuwa imekataa barua 21 kwa maelezo kwamba mpokeaji hajulikani. Ilikuwa imefanya nilichoiambia. Jina la barua la mfumo huingizwa pia katika orodha ya vikoa ambavyo mashine inavihesabu kuwa vyake, iitwayo mydestination; mimi nilikuwa nimetangaza kwamba sufuria, iliyo juu ya kabati la jikoni, ndiyo makao makuu ya gmail.com. Kila barua iliyoelekea huko ilitafutiwa mwenyewe ndani ya nyumba yangu, na kwa kuwa Mwalimu hana akaunti kwenye kompyuta yangu, ikarudishwa.

Jibu sahihi la swali lile ni jina la mashine lenyewe, likiwa na mkia ambao hauwezi kugongana na kikoa cha mtu. Mkia mzuri ni home.arpa, uliotengwa rasmi mwaka 2018 kwa mitandao ya majumbani, na kwa hiyo mashine yangu sasa ni sufuria.home.arpa katika mipangilio yote. Wengi hupenda .local, lakini hiyo ilitengwa mwaka 2013 kwa vifaa vinavyotafutana vyenyewe ndani ya mtandao mmoja, na kuitumia kwa jambo jingine ni kujitafutia matatizo ya kutafuta majina. Na usitumie jina la kikoa ulilobuni tu kwa kuwa linapendeza, maana huenda lina mwenyewe.

Linabaki jambo moja, nalo ndilo sababu kubwa ya mimi kuipenda Postfix. Barua iliyoandikwa na cron, programu inayoendesha kazi kwa ratiba, au na skripti yangu hutoka ikiwa na mtumaji wa aina ya root@sufuria.home.arpa (root ndiye msimamizi mkuu wa mashine), anwani ambayo haiwezi kujibiwa na mtu yeyote aliye nje. Mwongozo rasmi wa Postfix una sehemu nzima iliyoandikwa kwa ajili ya mashine zisizo na jina halisi la intaneti, na dawa yake ni mpangilio uitwao smtp_generic_maps. Unaandika faili ndogo inayosema kwamba anwani hii ya ndani igeuzwe kuwa ile ya nje, na Postfix huigeuza pale tu barua inapoondoka kwenda seva nyingine. Barua zinazobaki ndani hazibadilishwi, kwa hiyo root akimwandikia mtumiaji wa nyumbani, bado anaonekana kuwa ni root. Mimi nina mstari mmoja tu: upande wa kushoto @sufuria.home.arpa, upande wa kulia anwani ya chama. Alama ya @ isiyo na kitu mbele yake inashika watumiaji wote kwa pamoja. Gmail ingeibadilisha anwani ya mtumaji hata bila mstari huo, kwa kuwa huweka ile ya akaunti iliyoingia, lakini kuna seva nyingine ambazo hazibadilishi bali hukataa, na sikutaka usanidi unaotegemea hisani ya mtu mmoja.

Mengine ni ya kawaida. Seva ya kupitishia huandikwa katika mstari wa relayhost kama [smtp.gmail.com]:587, na mabano hayo ya mraba si pambo, yanaiambia Postfix iende kwenye jina hilo hilo badala ya kuuliza kwanza ni seva gani inayopokea barua za kikoa hicho. Usimbaji unapaswa kuwekwa kuwa wa lazima, ili nywila isije ikapita wazi. Nywila yenyewe inakaa katika faili ambayo ni root tu anayepaswa kuisoma, pamoja na nakala yake inayotengenezwa kwa amri ya postmap, na amri hiyo hurudiwa kila unapogusa faili. Mimi nimeisahau mara tatu na mara zote tatu nikamlaumu mtu mwingine. Katika Debian unahitaji pia kifurushi cha libsasl2-modules, la sivyo utapata kosa linalosema kwamba hakuna mbinu ya uthibitisho inayofaa, ujumbe ambao haukuelekezi hata kidogo kwenye kifurushi kilichokosekana. Mwisho, weka inet_interfaces kuwa loopback-only, ili mashine isikilize barua kutoka ndani yake peke yake.

Niongeze kuhusu kumbukumbu: maelezo mengi yatakuambia ufungue /var/log/mail.log. Kwenye Debian 12 iliyosakinishwa upya faili hiyo huenda isiwepo, kwa kuwa rsyslog, programu inayoiandika, haiji tena yenyewe, na kumbukumbu zote unazisoma kwa journalctl.

Sasa msmtp, ambayo ni ya Martin Lambers. Ukiwa umetoka kwenye hizo mbili, hii ni kama kuvua koti jua linapowaka. Haina kazi ya nyuma ya pazia inayoendelea, haisikilizi poti yoyote, haijui chochote kuhusu barua zinazoingia. Unaipa barua, inafungua muunganisho kwenye seva ya kupitishia, inakabidhi, inaondoka. Usanidi wangu ulikuwa mistari kumi. Kuna mambo mawili inayowashinda wakubwa zake. Faili yenye nywila ikiwa inasomeka na watumiaji wengine, msmtp inagoma kufanya kazi hadi uifunge, na hiyo ni adabu ambayo ningependa kuiona kwingine. Vilevile inaweza kuipata nywila kwa kuendesha amri, kwa hiyo nywila ikakaa ndani ya hifadhi iliyosimbwa badala ya kulala wazi kwenye diski. Ukisakinisha kifurushi cha msmtp-mta, programu nyingine zote zinaiona kana kwamba ni sendmail, programu ya zamani ya kutuma barua, na cron haitambui tofauti.

Kwa wiki tatu niliamini kwamba msmtp ndiyo jibu na kwamba tathmini hii ingekuwa fupi.

Kisha ikafika tarehe 31. Skripti ya chama huanza saa tatu usiku. Saa tatu na dakika chache stima ikapotea mtaa mzima. Kompyuta yangu ina betri ya akiba inayoishikilia kwa dakika kama kumi. Ruta haina, na hata kama ingekuwa nayo, vifaa vya waya wa fiber huko nje navyo vililala. Matokeo yake ni hali ambayo nadhani watu wa Nairobi wanaijua vizuri kuliko walioandika programu hizi: kompyuta iko macho, intaneti imekufa. Msmtp ilikuwa imeshakabidhi barua tisa. Kwa ile ya kumi haikuweza kulipata jina la seva, ikatoa kosa, ikamaliza. Na ya kumi na moja hivyo hivyo, hadi ya 23. Skripti yangu, ambayo niliiandika kwa haraka, haikuangalia kama amri ilifaulu. Barua 14 hazikuwa popote asubuhi, wala hakukuwa na alama kwamba ziliwahi kuandikwa, isipokuwa katika kumbukumbu ambayo ilinibidi kuitafuta.

Si kosa la msmtp. Haijawahi kusema kwamba ina foleni. Kuna skripti za msmtpq zinazoandamana nayo ambazo huzihifadhi barua pale muunganisho unapokosekana, na ningeweza pia kuiandika upya skripti yangu iwe na subira. Lakini nilipotazama nilichokuwa nakaribia kuandika, niliona kwamba ni foleni, na kwamba kuna mtu aliyeiandika mwaka 1998 na wengine wengi wameitumia tangu hapo.

Nikairudisha Postfix, nikangoja mwezi uishe. Stima haikupotea siku hiyo, kwa hiyo niliing'oa ruta mwenyewe kwenye soketi baada ya barua ya sita, watoto wakalalamika, nikawaambia ni kazi ya chama. Kwenye skrini mistari ya status=sent (imetumwa) ikageuka kuwa status=deferred (imeahirishwa), mmoja baada ya mwingine. Amri ya mailq ilionyesha barua 17 zikisubiri, kila moja na anwani yake na sababu ya kukwama kwake. Kisha nikafanya jambo ambalo sikulifurahia: nikaizima kompyuta yenyewe kwa kuuvuta waya wa stima, betri ya akiba ikiwa imetolewa. Postfix haikiri kuipokea barua kabla haijaiandika kwenye diski, na nilipoiwasha mashine zote 17 zilikuwepo. Kwa kawaida inazishikilia hadi siku tano, ikijaribu tena kwanza kila baada ya dakika tano hivi na baadaye kwa vipindi virefu zaidi, hadi kama saa moja na dakika saba. Bado sijakutana na giza la siku tano Buruburu.

Lakini hazikuondoka, na hapa ndipo Postfix nayo inapopoteza alama. Ruta ilikuwa imerudi, simu zetu zilikuwa na intaneti, na foleni ilikuwa imeganda ikisema kwamba jina la seva halipatikani. Katika Debian 12 sehemu ya Postfix inayotuma barua imefungiwa ndani ya chumba chake kidogo kwa ajili ya usalama, na ndani ya chumba hicho kuna nakala ya faili inayosema ni nani wa kuulizwa majina ya intaneti. Nakala hiyo huchukuliwa Postfix inapoanza. Kompyuta yangu inawaka chini ya dakika moja. Ruta inachukua karibu tatu. Kwa hiyo Postfix iliamka kabla ya mtandao, ikanakili faili isiyo na kitu cha maana, na ikabaki hivyo. Kuianzisha upya kulitosha kuzitoa barua zote 17 kwa muda usiofika dakika mbili. Ili jambo hilo lisijirudie, niliingia katika master.cf, faili nyingine ya usanidi wa Postfix, na kwenye mstari wa smtp unaohusu kutuma nikabadilisha y (ndiyo) iliyo katika safu ya chroot, jina la kile chumba, kuwa n (hapana). Mlinzi mkali wa usalama anaweza kukunja uso. Kwenye mashine inayosikiliza barua kutoka ndani yake tu, nimeona ni bei ninayoweza kulipa.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Mwenye kompyuta isiyozimwa, inayotuma barua peke yake wakati yeye amelala, katika mtaa ambao stima na intaneti havina miadi, achukue Postfix na avumilie jioni moja ya kuisanidi. Mwenye kompyuta ya mpakato anayetuma barua akiwa ameketi mbele yake, na ambaye ataliona kosa papo hapo likitokea, hana sababu ya kubeba mzigo huo; msmtp inamtosha, na ndiyo iliyoko kwenye mpakato wangu mpaka leo. Exim ningempa mtu ambaye tayari anaijua. Nisiyompa yoyote kati ya hizo ni mwenye chama cha watu mia kadhaa anayetaka kutuma matangazo kila wiki: akaunti binafsi ya Gmail inaruhusu wapokeaji 500 kwa siku, na kabla ya kuufikia mpaka huo ni vyema awe na kikoa chake na huduma iliyotengenezwa kwa kazi hiyo.

Kuna kasoro mbili ambazo hakuna programu kati ya hizi iliyozitatua. Ya kwanza ni kwamba onyo la nakala rudufu kushindwa linakuja kwa barua pepe, na kama kilichoshindwa ni intaneti, basi onyo nalo limo foleni. Nimeweka amri inayonionyesha foleni kila ninapoingia kwenye mashine, na hilo ni nusu ya suluhisho. Ya pili ni faragha. Hata baada ya anwani ya mtumaji kugeuzwa, vichwa vya barua, yaani maelezo ya safari yake yanayoambatana nayo, vinabeba jina la mashine iliyoianzisha, na mwanachama mmoja, mhasibu asiyeacha kitu bila kukikagua, alivifungua vyote na kuuliza katika mkutano, mbele ya watu, sufuria ni nani na tangu lini anashughulikia fedha za chama. Baadhi ya vichwa hivyo vinaweza kusafishwa kwa kanuni za Postfix ziitwazo header_checks. Sijasafisha, lakini anayeipa mashine yake jina la mtoto wake au la mtaa anakoishi afikirie.

Jambo la mwisho linahusu mwenye jina tunayemkabidhi barua. Mwezi wa nane wa matumizi nilibadilisha nywila ya akaunti ya chama, kwa sababu mwekahazina wa zamani alikuwa anaijua. Google hufuta nywila zote za programu pale nywila ya akaunti inapobadilishwa, nami sikukumbuka. Usiku huo seva ilianza kujibu kwa kosa namba 535, kwamba jina na nywila havikubaliki. Postfix haikuzirudisha barua kwa kosa hilo. Kwa kawaida yake hulichukulia kuwa la muda na kuziacha kwenye foleni. Nilikuwa na siku tano. Niligundua siku ya tatu, nikaomba nywila mpya ya herufi 16, nikaiandika bila nafasi kati yake, nikaendesha postmap, safari hii bila kusahau, kisha postqueue -f, amri ya kuijaribu foleni upya, na Mwalimu akapata taarifa yake akiwa bado hajanipigia simu.